Mungu wa Kwenye Kitambulisho

Katika kitambulisho cha raia wa Indonesia, chini ya anuani na juu ya hali ya ndoa, upo mstari wa dini. Kwa miongo mingi majibu yaliyokubaliwa kwenye mstari huo yalihesabika kwa vidole: Uislamu, Uprotestanti, Ukatoliki, Uhindu, Ubudha na, kwa vipindi fulani tu, Ukonfusio. Nchi yenyewe ina visiwa zaidi ya 17,000 na lugha zaidi ya 700, na sensa ya mwaka 2010 ilipouliza watu ni wa kabila gani, majibu yalijaza makundi zaidi ya 1,300. Umati wa namna hiyo kuingia katika dini sita ni jambo la kustaajabisha, lakini la kustaajabisha zaidi ni fikra iliyouingiza humo. Msingi wa kwanza wa taifa hilo, kati ya misingi mitano iitwayo Pancasila, ni kumwamini Mungu Mmoja wa Pekee. Indonesia si dola ya Kiislamu, ingawa Waislamu ni karibu asilimia 87 ya wananchi. Wala si dola iliyojitenga na dini. Inasema imesimama katikati: haimchagulii mtu dini, ila inataka kila mtu awe nayo. Ninachouliza ni kama hapo katikati pana pa kusimama. Je, dola inaweza kumtaka kila raia amwamini Mungu bila yenyewe kuamua Mungu ni yupi, na kumwamini ni kufanya nini? Nasema haiwezi, na ushahidi wangu ni historia ya Indonesia yenyewe. Kila dola hiyo ilipojaribu kulitekeleza sharti lake, dini ilizozikuta zilifinyangwa upya zikafanana na sura ya dini iliyokuwa kichwani mwa karani.

Waasisi hawakuwa na nia hiyo. Tarehe 1 Juni 1945, Japani ikikaribia kushindwa vitani, Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, alisimama mbele ya baraza la kuandaa uhuru akaeleza misingi mitano, na kumwamini Mungu akakuweka mwisho. Alitaka kila Mwindonesia awe na Mungu wake: Mkristo kwa mafundisho ya Isa, Mwislamu kwa mafundisho ya Muhammad, Mbudha kwa vitabu alivyo navyo, na wote wavumiliane. Msemaji mwenyewe alikuwa mtoto wa baba Mjava na mama wa Kihindu kutoka Bali, kwa hiyo hakuwa akiongea habari za kusoma vitabuni. Wiki tatu baadaye kamati ya watu tisa iliupeleka msingi huo mbele, ikauongezea maneno ya kuwawajibisha Waislamu kuifuata sharia yao. Maneno hayo hayakumaliza miezi miwili. Tarehe 18 Agosti, siku moja tu baada ya uhuru kutangazwa, Mohammad Hatta, aliyeutangaza uhuru huo pamoja na Sukarno na aliyekwisha kupata habari kwamba Wakristo wa mashariki hawatakubali kuingia katika jamhuri kwa sharti hilo, aliwaomba viongozi wa Kiislamu wayaondoe. Ki Bagus Hadikusumo wa jumuiya ya Kiislamu ya Muhammadiyah alikubali kwa shingo upande, na badala yake likawekwa tamko kwamba Mungu huyo ni Mmoja wa Pekee. Waislamu waliona tauhidi ndani yake. Wakristo walimwona Mungu wao. Hakuna aliyemtaka mwenzake aeleze. Mimi nayahesabu mapatano hayo kuwa miongoni mwa kazi bora za siasa za karne iliyopita, na ubora wake wote ulikuwa katika kunyamaza. Tamko linaloeleweka kwa namna nne laweza kuwafunga pamoja watu wa aina nne, mradi asitokee wa kuuliza tafsiri rasmi ni ipi. Bahati mbaya dola haijui kunyamaza. Ina wizara, ina bajeti, ina fomu za kujazwa.

Wizara ya Dini ilianzishwa Januari 1946, na mwaka 1952 ikatoa pendekezo la kipimo. Ili mafundisho yaitwe dini, yawe na mtume, yawe na kitabu kitakatifu, na yatambulike nje ya mipaka ya nchi. Hakuna haja ya kuuliza kipimo hicho kilishonwa kwa mwili wa nani. Kwa kipimo hicho watu wa Bali, ambao kila kijiji chao kina mahekalu yake, walihesabiwa kuwa watu ambao bado hawajawa na dini, na asiye na dini ni mali halali ya wahubiri. Ibada yao ilikuwa ya mahali na ya mikono. Kulikuwa na mahekalu ya kijiji, mababu wa ukoo, na miungu ya maji yanayogawanywa kwenye mashamba ya mpunga, wanaoalikwa kushuka siku ya sikukuu, wakaandaliwa chakula, wakachezewa ngoma, kisha wakaagwa. Mpaka leo, asubuhi, wanawake huweka visahani vya majani ya mnazi vilivyopangwa maua mbele ya mlango, dukani na njia panda, na kinachotazamwa ni kama jambo limefanywa sawasawa na kwa wakati wake. Nani anaamini nini kuhusu asili ya Mungu lilikuwa swali la makuhani na washairi, si la mtu wa kawaida.

Wasomi wa Bali, baadhi yao waliosomea India, walielewa upesi kinachotakiwa. Sang Hyang Widhi akatangazwa kuwa Mungu Mmoja, na miungu mingine yote ikawa sura zake. Veda zikashika nafasi ya kitabu, na marishi wa kale nafasi ya mitume. Ikapangwa sala ya mara tatu kwa siku, Tri Sandhya, pamoja na orodha ya nguzo tano za imani. Kiti cha enzi cha mawe kisicho na sanamu, padmasana, ambacho zamani kilikuwa kimoja kati ya vibanda vingi vya hekaluni, kikapandishwa daraja kikawa kiti cha huyo Mmoja, na sasa hujengwa hata kwenye viwanja vya shule na ofisi za serikali. Mwaka 1958 wizara iliridhika, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la kuisemea dini hiyo, Parisada. Tazama yaliyoongezwa: sala zenye saa zake, nguzo zenye idadi, kitabu, baraza la viongozi. Hakuna hata moja ambalo mkulima wa Bali wa mwaka 1930 angelitaja kuwa ndiyo dini yake, na hakuna hata moja ambalo Mwislamu wa Jakarta asingelitambua mara moja.

Hayo yalifanyika kwa amani. Yaliyofuata hayakuwa hivyo. Januari 1965 Sukarno alitoa amri ya rais ya kuzuia kukashifiwa kwa dini, ambayo baadaye ilipewa nguvu ya sheria. Maelezo yake ndiyo yaliyotaja dini sita. Yalisema pia kwamba nyingine, kama za Mayahudi, Wazoroasta, Washinto na Watao, hazikukatazwa. Kuhusu mapokeo ya kiroho ya Java na kwingineko, yalisema serikali itajitahidi kuyaelekeza kwenye mtazamo ulio sawa juu ya Mungu Mmoja. Amri hiyo iliingiza katika kanuni za adhabu kifungo cha hadi miaka mitano kwa anayekashifu dini, na vilevile kwa anayekusudia kuwafanya watu wasifuate dini yoyote. Mwishoni mwa mwaka huo yakaja mauaji ya wakomunisti na walioshukiwa kuwa wakomunisti. Waliouawa katika miezi michache wanakadiriwa kufikia nusu milioni au zaidi. Tangu hapo kutokuwa na dini kukawa dalili ya ukomunisti, na ukomunisti ulikuwa hukumu ya kifo. Vijiji vya Java ambavyo Uislamu wao ulikuwa wa jina, au ambavyo vilifuata mapokeo ya wahenga, viliingia makanisani kwa maelfu, na vingine vikaingia Uhindu. Makanisa yalishangilia mavuno. Sina sababu ya kuwakejeli waliobatizwa, na wako wengi ambao imani ilikuja kuwashika kweli. Lakini mwaka 1966 mchungaji aliyesimama penye maji hakuwa na njia ya kumpambanua anayemkimbilia Kristo na anayelikimbia jeshi, na huenda mbatizwaji mwenyewe hakuwa nayo.

Wadayak wa Kalimantan ya Kati walikuwa na mapokeo yaitwayo Kaharingan. Moyo wake ni tiwah, ibada ya pili ya maziko. Miaka baada ya mtu kuzikwa, mifupa yake hufukuliwa, husafishwa na kuwekwa katika nyumba ndogo iliyochongwa, sandung, huku makuhani wakiimba muda mrefu kuisindikiza roho hatua kwa hatua hadi makao yake. Nyimbo hizo ziliishi vifuani mwa makuhani, na kila mto ulikuwa na namna yake. Mwaka 1980 Kaharingan ilikubaliwa, lakini kwa kuandikishwa kama tawi la Uhindu, dini ambayo wazee hao hawakuwa na uhusiano nayo wa maana. Yakafuata mambo yaleyale: simulizi za uumbaji zikakusanywa kuwa kitabu kitakatifu, Panaturan, ikaanzishwa ibada ya kila wiki yenye mahubiri na nyimbo za pamoja, yakajengwa majumba ya kusalia. Watoraja wa Sulawesi waliokuwa wakifuata njia ya mababu walikuwa wameshaingizwa chini ya mwavuli huohuo mwaka 1969. Wabudha nao walikabiliwa na swali zito zaidi, maana mafundisho yao ya msingi hayana muumba. Bhikkhu Ashin Jinarakkhita, kinara wa kuufufua Ubudha nchini humo, alijibu kwa kulitoa katika maandishi ya kale ya Java jina la Sang Hyang Adi Buddha, akalisimamisha mahali pa Mungu Mmoja. Wabudha wa Theravada, waliosikia humo harufu ya uzushi, walipendelea kuonyesha kifungu cha maandiko ya Kipali kinachosema juu ya lile lisilozaliwa wala kuumbwa. Kwa mwanafalsafa hilo ni jibu la kufikirisha. Kwa ofisi lilitosha kwamba kuna jibu. Ama Wakonfusio, wao waliwekwa kwenye orodha, wakaondolewa miaka ya utawala wa Suharto, rais aliyemfuata Sukarno, pamoja na kila chenye sura ya Kichina, na hawakupumua mpaka rais Abdurrahman Wahid alipoyafuta makatazo hayo Januari 2000. Katikati hapo wengi waliandikwa Wabudha, na mahekalu yao yakabadilishwa majina.

Atatokea wa kusema: dini gani ambayo haikufinyangwa na utawala? Konstantino aliwaita maaskofu Nicaea. Makhalifa walikuwa na makadhi wao. Watu wa Bali wenyewe walipokea Uhindu karne nyingi zilizopita kupitia majumba ya wafalme. Kama wajukuu wa wale wasomi wa 1958 wanaisali Tri Sandhya kwa moyo mmoja leo, nani aliyekupa wewe mamlaka ya kuwaambia kwamba sala yao ni ya fomu? Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake moja naikubali yote: imani iliyoanza kwa kulazimika yaweza kuwa imani ya kweli, na sala haipimwi kwa historia ya maneno yake. Lakini tuangalie linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba watu wana uwezo mkubwa wa kutia roho hata katika chombo walichosukumiwa. Halithibitishi kwamba mwenye kuwasukuma alikuwa hana upande. Na hoja yangu ni hiyo tu. Dola iliyodai haichagui dini ilikuwa imeshachagua jambo kubwa kuliko jina la dini: umbo lake. Iliamua kwamba dini ni kauli juu ya Mungu, kabla haijawa kitendo, wajibu kwa mababu, au namna ya kukaa na msitu. Atakayeanzia hapo atawaona wafuasi wa Kaharingan, na wa Marapu, mapokeo ya Sumba, ni watu wenye mila nzuri za kuhifadhiwa, na kweli ndivyo walivyoonekana. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mambo ya wafuasi wa mapokeo kama hayo yalitolewa katika mikono ya Wizara ya Dini, yakapelekwa elimu na utamaduni.

Jambo la ajabu ni kwamba Uislamu wenyewe, ambao kipimo kile kiliuiga, una sababu za kukikataa. Aya mashuhuri ya Suratul Baqara juu ya kutolazimishana katika dini inajulikana na kila mtu, nami sitaitegemea, kwa kuwa wafasiri wana mengi ya kuisemea. Nategemea jambo la kiufundi zaidi. Ghazali, katika Kitabu cha Elimu kinachofungua kitabu chake kikubwa, Ihya, anasema mwanasheria wa dini ana mamlaka juu ya ulimi tu: mtu akitamka shahada chini ya kivuli cha upanga, faqihi ataihesabu ni halali katika hukumu za dunia, lakini moyo uko nje ya himaya yake, na Akhera haiangalii tamko la namna hiyo. Hayo si maneno ya mtu wa pembeni. Ihya husomwa katika pesantren, shule za dini za Java, kama inavyosomwa Lamu na Unguja. Ni madhehebu yaleyale ya Shafii, Maulidi yaleyale ya Barzanji, na mara nyingi masharifu wa koo zilezile za Hadhramaut waliotawanyika pande zote mbili za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mwanachuoni wa Java hahitaji kuazima hoja Ulaya ili aone tatizo. Kitambulisho ni ulimi. Mstari wa dini ni tamko mbele ya mwenye dola. Unaweza kuwa na faida za kidunia, mfano mirathi na maziko, lakini dola inayoutaja katika misingi yake kana kwamba ndiyo imani ya taifa imevuka mpaka ambao faqihi mwenyewe aliogopa kuuvuka.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linasema: bila msingi ule wa kwanza Indonesia isingekuwepo. Upande mmoja walikuwapo waliotaka dola ya Kiislamu, na uasi wa Kartosuwiryo huko Java Magharibi ulidumu hadi mwaka 1962. Upande wa pili walikuwapo Wakristo wa mashariki ambao wangejitenga. Bunge la katiba lilibishana juu ya suala hilo miaka ya 1950 bila kufika popote, mpaka Sukarno akalivunja mwaka 1959. Na hata mwaka 2002, baadhi ya vyama vilipojaribu kuyarudisha yale maneno ya sharia katika katiba, Nahdlatul Ulama na Muhammadiyah, jumuiya mbili kubwa za Kiislamu, hazikuliunga mkono jaribio hilo, likashindwa. Hayo yote ni kweli, na mtu anayeudharau msingi ule kwa jina la uhuru wa mtu binafsi hajui ni damu ya kiasi gani ulizuia. Lakini kilichozuia damu ni tamko la 1945, lile lisilo na tafsiri. Kipimo cha 1952, amri ya 1965 na mstari wa kitambulisho havikuwa sehemu ya mapatano yale. Wakristo wa mashariki hawakuomba Wadayak waandikwe Wahindu ndipo waingie katika jamhuri.

Tena Indonesia inao mfano wake yenyewe wa namna nyingine ya kujenga umoja, nao ni wa lugha. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokusanyika Batavia waliapa mambo matatu: nchi moja, taifa moja, na kuiheshimu lugha ya umoja. Dini haikutajwa. Lugha waliyoichagua ilikuwa Kimalayu, lugha ya bandari na masoko ambayo wachache tu walizaliwa nayo. Wajava, ambao ni karibu asilimia 40 ya watu wote, hawakuidai nafasi hiyo kwa lugha yao yenye fasihi ya karne nyingi na ngazi zake za adabu, ambapo mtu habadilishi neno moja tu bali karibu sentensi nzima kufuatana na cheo cha anayeambiwa. Msomaji wa Kiswahili anaelewa bila kuelezwa faida ya lugha isiyo ya mwenye nguvu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba lugha ya taifa ilijengwa bila kuzikagua nyingine. Hakuna mstari wa lugha ya mama kwenye kitambulisho. Hakuna karani aliyewadai watu wa Flores wathibitishe kwamba lugha zao zina sarufi inayotambulika kimataifa, wala aliyeziunganisha lugha ndogo kumi chini ya jina la moja kubwa ili zipate kuishi. Nyingi zinafifia, ni kweli, lakini umoja haukuhitaji kuziuliza ni lugha za namna gani.

Nitajibiwa kwamba lugha si dini: mtu mmoja aweza kuwa na lugha tatu, lakini hawezi kuabudu kwa njia tatu. Huko Java kwenyewe jambo hilo lina mashaka. Clifford Geertz, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950, alianza kitabu chake juu ya dini ya Java na slametan, mlo wanaoitiwa majirani kwa ajili ya harusi, mazao, mimba au maziko. Huchomwa ubani, dua husomwa kwa Kiarabu, wali hugawanywa, na huaminika kwamba pepo wa mahali nao wamepata sehemu yao, hivyo nyumba itakaa salama. Walio pale ni Waislamu. Wapo wanaoona humo ushirikina, na ubishi huo ni wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe, una haki ya kuendelea misikitini. Ila mtu wa slametan hagawanyiki. Ni fomu inayomgawanya, kwa kumtaka achague neno moja kisha kumhesabu kana kwamba ameyakana yaliyobaki. Na pindi dola inapoanza kuhesabu, hailazimiki kutaja tu majina ya nyumba, hulazimika pia kuamua nani yumo ndani. Ndivyo mwaka 2008 mawaziri wawili na mwanasheria mkuu walivyojikuta wakitoa amri ya pamoja ya kuwazuia Waahmadiyya, wanaojihesabu kuwa Waislamu, kueneza mafundisho yao, jambo ambalo kwa asili yake ni hukumu ya kiakida iliyotiwa mihuri mitatu ya serikali.

Linabaki suala la asiyeamini, ambalo watu wa heshima hupenda kulipita kando. Mwaka 2012 mtumishi mmoja wa serikali huko Sumatra Magharibi alifungwa miaka miwili na nusu kwa maandishi yake ya Facebook, baada ya kuandika kwamba hakuna Mungu. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilikuwa imeithibitisha sheria ya kukashifu dini, hakimu mmoja tu, Maria Farida Indrati, akiipinga. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 mahakama hiyohiyo ilikataa ombi la raia waliotaka waruhusiwe kutokuwa na dini yoyote kwenye kumbukumbu zao. Hoja ya mahakama ni nzito kwa mantiki ya katiba yake: taifa limesimama juu ya kumwamini Mungu, kwa hiyo uhuru wa dini ni uhuru wa kuchagua ipi, na haufiki hadi uhuru wa kutochagua. Wengi wataona hasara hapo ni ya wakanamungu, nao ni wachache, basi iwe. Mimi naona aliyepata hasara kubwa ni muumini. Uwezekano wa mtu kutoamini ndio unaoipa kauli ya muumini uzito. Tukisoma leo kwamba karibu asilimia 100 ya watu wa nchi fulani wana dini, na tukajua kwamba jibu jingine halipokelewi, takwimu hiyo haituelezi chochote juu ya imani yao. Mama wa Surabaya aliyekesha akisali Ramadhani nzima na jirani yake asiyesali tangu ujana wameandikwa neno lilelile, na neno hilo lingeandikwa hata kama wote wawili wangekuwa hawaamini. Dola iliyotaka kuiheshimu imani imeifanya ya huyo mama isionekane.

Novemba 2017 mahakama ilipanua mlango kwa upande mwingine. Wafuasi wa mapokeo manne, wakiwamo Wamarapu wa Sumba na Waparmalim wa nchi ya Batak, walishinda kesi dhidi ya sheria iliyowaachia mstari wao mtupu. Utupu huo uliwasumbua katika kuandikisha ndoa, watoto na hata maziko. Ulikuwa ushindi wa kweli. Hata hivyo, walichopewa ni maneno ya jumla, kwamba mwenye kitambulisho anamwamini Mungu Mmoja wa Pekee. Mparmalim anayekutana na wenzake kila Jumamosi kumwabudu Mulajadi Nabolon, na Mmarapu anayezungumza na mababu kupitia kuhani kando ya makaburi ya mawe yaliyo mbele ya nyumba za kijiji, wote wawili wanabeba maneno hayo. Yule wa pili anaweza kujiuliza kama yanamhusu. Na kwa ndoa, kanuni ya mwaka 2019 inataka ifungwe mbele ya mzee aliyeteuliwa na jumuiya iliyosajiliwa wizarani, kwa hiyo kijiji chenye kuhani asiye na cheti inakibidi kwanza kiunde jumuiya.

Kama mstari ungefutwa, ni kazi gani ya serikali ambayo ingekwama? Shule za Indonesia zinapaswa kumfundisha mwanafunzi dini yake mwenyewe, na mzazi anaweza kuitaja siku ya kumwandikisha mtoto. Mwislamu anayetaka mirathi igawanywe na mahakama ya Kiislamu atakwenda mwenyewe mahakamani aseme hivyo, na wanaooana wataitaja ibada wanayoitaka wanapokwenda kuoana. Maziko yana jamaa. Katika kila moja ya hayo muulizwaji yupo, anajua kwa nini anaulizwa, na jibu lake linamfaa yeye. Msingi wa kwanza wa Pancasila ungebaki pale ulipoandikwa tarehe 18 Agosti 1945, bila karani wa kuutafsiri.